Karanga ya Nane

Katika Butembo nzima hapakuwa na mwanamke aliyejua kuchunga watoto wa wenzake kama mimi Kaswera. Miaka kumi na mmoja walipita uani kwangu, wenye kamasi na wasio na kamasi, wanaouma na wanaoumwa, na kila jioni niliwarudishia mama zao wakiwa na miguu miwili na mikono miwili. Nilipoteza mmoja tu.

Ukiisema haraka, sentensi hiyo inapita vizuri. Mimi niliisema haraka kwa miaka kumi na sita.

Mama zao walikuwa wauzaji wa soko. Walikuja kabla jua halijatoboa ukungu, baridi ile ya Butembo inayowafanya hata mbwa wakohoe, na kila mmoja aliniachia vitu vitatu: mtoto, kikombe cha mtoto, na karanga moja yenye ganda lake. Karanga aliitupa mwenyewe katika kopo la maziwa lililokaa karibu na jiko langu. Hiyo ilikuwa hesabu yangu. Marehemu mama yangu alinikataza kuwahesabu watoto wa watu kwa kidole. Mifuko ya viazi unahesabu, alisema, kuku unahesabu, lakini mtoto ukimhesabu unamwonyesha kwa yule asiyepaswa kumwona. Mimi shule niliifuata hadi darasa la tano, la sita lilinikimbia, lakini maneno ya mama yalibaki. Donc, basi, kabla ya mama zao kurudi jioni niliwapanga watoto mstari, kila mmoja anakuja anachukua karanga yake koponi. Kopo likibaki tupu na hakuna mtoto anayelia kwamba amekosa, basi wote wapo. Karanga waliila njiani wakirudi nyumbani. Watu walikuja hadi kutoka mtaa wa pili kutazama ujanja huo. Mchungaji mmoja aliutaja mimbarani, na mimi nilivaa kitambaa kipya cha kichwa Jumapili ile yote.

Siku yenyewe watoto walikuwa wanane. Wa mwisho kuletwa alikuwa Abigaïl, miaka minne, sweta jekundu, mtoto mwenye tabia ya kuuliza swali na kuondoka kabla hujajibu. Mama yake, Kavuo, aliuza samaki wa chumvi, na harufu ya samaki ilimtangulia kuingia na ilichelewa kutoka. Kikombe cha Abigaïl kilikuwa cha bati la kijani, na Kavuo alikuwa amefunga utepe mwekundu kwenye sikio lake ili kisichanganyike na vya wengine.

Asubuhi ile, baada ya Kavuo kuondoka, nilikula karanga moja.

Si kwa njaa kubwa. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kukuna mahali panapowasha. Kopo lilikuwa karibu, mimi nilikuwa nachochea moto, na niliposhtuka ganda lilikuwa limekwisha kuungua. Nikasema nitarudisha nyingine. Nikasahau. Na mlango wa uani ulikuwa wa bati, ukifungwa kwa waya, na waya ule ulitaka mikono miwili na uvumilivu, vitu ambavyo asubuhi huwa sina.

Jioni nikawapanga. Watoto wakapita, kila mmoja na karanga yake, kopo likabaki tupu, hakuna aliyelia. Nilikuwa najipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi ya Mungu, ndipo harufu ya samaki ikaingia.

“Mama Kaswera, Abi eko wapi?”

“Eko na benzake.”

“Benzake banatoka bote. Yeye simuone.”

Nikatazama kopo. Kavuo akanitazama mimi nikitazama kopo. Mama wengine walikuwa wamesimama mlangoni na watoto wao mikononi, na nikaona jinsi mikono yao ilivyokaza. Nilijua kwamba nikifungua mdomo na kusema sijui, kesho yake uani kwangu hapataletwa hata paka. Basi nikafungua mdomo, na mwanamke akatoka ndani yake akiwa amekwisha kuvaa: kitenge cha buluu, jino la dhahabu, mwavuli wa manjano.

“Alikuja saa kumi ya jioni,” nikasema. “Alisema ni dada yako wa Beni. Mutoto alimukimbilia kabisa. Nikasema, ah, ni wa familia.”

“Mimi sina dada Beni,” Kavuo akasema, polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka kama anaye.

Sijawahi kuzaa mtoto aliyekua haraka kama mwanamke yule. Kabla ya usiku alikuwa na urefu. Asubuhi yake alikuwa na kovu shavuni, kwa sababu kijana wa redio aliniuliza kama alikuwa na alama yoyote na mimi sikutaka kumvunja moyo. Tangazo lilisomwa mara tatu kwa siku: mwanamke mrefu, kovu, jino la dhahabu, mwavuli wa manjano, alionekana mara ya mwisho saa kumi ya jioni akielekea barabara ya Beni. Wanaume wa kanisa walipanda pikipiki, wakatafuta Beni mjini, wakafika Mbau, wakashuka hadi mpakani Kasindi wakipita kati ya malori. Huko Beni walimteremsha mama mmoja maskini kwenye pikipiki, na mtoto wake mwenyewe mgongoni, wakamtaka athibitishe kwamba ndiye aliyemzaa. Kosa lake lilikuwa kukinga mvua. Msimu ule mwenye mwavuli wa manjano aliuficha chini ya kitanda akalowana kama wengine.

Niliposikia habari ya mama yule nilicheka. Nilicheka mbele ya watu.

Siku ya pili akaja Esdras. Kila mtu alimjua: alisukuma chukudu, baiskeli ile kubwa ya mbao isiyo na pedali, akishusha kabichi kutoka vilimani hadi soko. Alivua kofia. Akasema kwamba ile siku, saa nne ya asubuhi au imepita kidogo, alimwona mtoto wa sweta jekundu anateremka peke yake njia ya mto Kimemi. Alimpigia kelele arudi kwa mama yake.

“Juu ya nini haukusimama?” mtu akamwuliza.

“Chukudu iko na muzigo, kwa muteremko,” akasema. “Itasimama namna gani? Nilikamata na kisigino mpaka kiatu kikapasuka. Nilipogeuka, sikumuona tena.”

Akaonyesha kiatu. Kweli kilikuwa kimepasuka.

Watu wakanigeukia. Ilikuwa nafasi yangu, na Mungu aliniwekea kama mtu anavyokuwekea kiti. Ningesema: mfuateni Esdras, mto uko hatua mia tano. Mama Abi alikuwa amekaa chini kwenye mkeka wangu, hajala tangu jana, anangoja tu mtu amwambie upande wa kukimbilia.

“Esdras,” nikasema, “kabichi zimekujaa mu macho. Mutoto alikuwa hapa na miye mpaka saa kumi.”

Wakacheka. Hata katika msiba watu wanapenda kucheka, na mimi nilijua kuwapa. Mais lakini baada ya kicheko vijana wakaanza kumwuliza Esdras maswali mengine: amejuaje habari ya sweta, na mtoto wa watu alimtazamia nini. Kabla ya Jumapili chukudu yake ilivunjwa ikawa kuni. Alihamia upande wa Eringeti kulima kwa shemeji yake. Baadaye huko nako watu walikimbia vita, wakatawanyika, na sijui yuko wapi. Hakupita kuniaga. Kingo za mto zilitafutwa siku ya nne tu, na waliotafuta walikuwa wanapiga hadithi. Hawakukuta sweta wala kiatu. Sisemi kwamba mto ulimchukua. Inawezekana mtu alimkuta njiani, mtu asiye na mwavuli. Hakuna ajuaye, na sababu ya kutojua inakaa hapa inaandika na kalamu ya kuazima.

Watoto waliendelea kuletwa kwangu kwa miaka minne zaidi. Nilikuwa nimekuwa mtu mkubwa: shahidi. Wageni walioletwa mtaani walionyeshwa nyumba yangu. Nilijifunza mahali pa kunyamaza katika hadithi na mahali pa kupangusa jicho, na nikaongeza kwamba nilikimbia nyuma ya pikipiki hadi kandambili ikakatika. Jambo la aibu kuliko yote ni hili: kuna siku nilimwona yule mwanamke kweli. Nilifumba macho, naye alikuwepo, na nilimchukia.

Kavuo hakuzaa tena. Kila mwaka, kiangazi, alikwenda Kasindi akasimama siku tatu kwenye kizuizi akitazama nyuso za wanawake wanaovuka. Wavunja pesa wa pale walimpa kiti na jina: Mama wa Mwavuli. Na kila mara aliporudi alipitia kwangu kwanza, akaniletea mche wa sabuni ya ng'ambo.

“Wewe peke yako ulionaka sura yake,” aliniambia. “Usife, Mama Kaswera. Ukikufa, nani atamutambua?”

Nilioga kwa sabuni ile. Ningefanya nini nayo?

Tena aliniomba kitu kimoja: nisitupe kikombe cha Abi. Akirudi akikute mahali alipokiacha. Basi nikakitundika kwenye msumari ukutani, juu ya meza, na utepe wake. Kila mara Kavuo alikitazama kabla hajakaa.

“Unakioshaka?”

“Kila juma,” nikamjibu.

Mwaka huu akaja Solange. Mwalimu wa sekondari, miwani, viatu vinavyolia. Sikumtambua mpaka alipotabasamu, nikaona pengo lile la meno: alikuwa mmoja wa wanane, wakati ule ana miaka minane, mlafi kuliko wote. Alikuwa anaandika kitabu. Riwaya, alisema, ya kumnyima msomaji usingizi, kuhusu watoto waliopotea kwetu, Butembo na Beni, ambao hadi leo hakuna anayejua walikokwenda.

“Na miye niko ndani?” nikamwuliza.

“Uko sura ya kwanza, Koko,” akasema, kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao.

“Umeniweka meno ngapi?”

“Yote.”

“Basi hicho kitabu ni cha uongo,” nikasema, na tukacheka, na mimi peke yangu nilijua tulichokuwa tunacheka.

Alikuja mara nyingi. Alinisomea. Katika kitabu chake mimi nilikuwa mama mwema mwenye macho ya huzuni, na yule mwanamke wangu alikuwa na nyumba Kasindi, yenye vyumba vingi vilivyofungwa. Alikuwa hata na jina. Siku moja Solange akaniletea mchoro wa jalada: barabara, ukungu, na mwavuli wa manjano. Ulikuwa mzuri. Nilitaka kuuweka ukutani, halafu nikaona msumari niliokuwa nimeutafuta una kikombe.

Yote hayo ningeyabeba hadi kaburini, nilikuwa nimezoea uzito wake. Kilichonishinda ni Kavuo. Solange alikuwa amemsomea sura ile ya nyumba ya Kasindi, kama heshima kwa mama wa mtoto, na Kavuo hakuisikia kama hadithi. Alisikia anwani. Akaja kwangu siku ya Jumatano, mchana, na mfuko wa safari, kuniaga. Solange alikuwa ameketi kwangu na daftari lake.

“Kesho nakwenda,” Kavuo akasema. “Safari hii nitaingia nyumba kwa nyumba.”

“Mama Kavuo, ile nyumba niliibuni mimi,” Solange akasema. “Na barabara ya sasa, wanachoma magari.”

“Nyumba ulibuni. Mwanamuke haukumubuni. Mama Kaswera alimuona.”

Akanitazama. Alikuwa na mvi sasa. Harufu ya samaki ilikuwa bado ileile. Nilijua barabara ile: wiki iliyotangulia watu wa kwaya ya kanisa jirani walikuwa wamemzika jamaa yao aliyeletwa kutoka huko. Nikaona kwamba safari hii uongo wangu hautamrudisha.

Nikamimina chai. Chai ilinisaidia kutotazama mtu.

“Mama Abi,” nikasema, “usiende. Hakuna mwanamuke.”

Nikaweka birika chini.

“Hakuna mwavuli. Hakuna jino. Miye sikuona kitu. Ile asubui nilikula karanga.”

Nikawaeleza. Kopo, mkono uliokwenda wenyewe, ganda motoni, nikasahau, watoto saba wakapata karanga saba, kopo likanidanganya. Nikasema kwamba Abi alitoka saa nisiyoijua, na mimi sikujua kabisa, kabisa, mpaka yeye Kavuo alipoingia mlangoni na kuniuliza. Kwamba Esdras alisema kweli. Nililia, na machozi yalikuwa machozi.

Nje mtu alikuwa anapiga misumari kwenye bati.

“Karanga,” akasema.

“Karanga, mama.”

“Moja.”

“Moja tu.”

Mimi nikajikunja kungoja kofi lake. Lakini alinyoosha mkono juu ya meza akashika wangu. Mkono wake ulikuwa mkavu, chumvi imeukula miaka yote.

“Ulikuwa na njaa,” akasema. “Ni ile tu. Ulikuwa na njaa, ukasahau, kisha ukaogopa. Mimi pia ningeogopa. Miaka kumi na sita nilifikiri kuna mutu alimutaka mutoto wangu. Kumbe ni karanga.”

Akausukuma mfuko wa safari kwa mguu, chini ya meza, kama mtu asiyekwenda popote. Nikahisi kitu kikinitoka mgongoni. Nilikuwa mwepesi. Nikaanza hata kupanga jinsi nitakavyowasimulia wengine, mahali pa kunyamaza, mahali pa kupangusa jicho. Karanga ingesimulika vizuri kuliko mwavuli.

Solange alikuwa amefunga daftari.

“Koko,” akasema. “Ulikula ile karanga saa ngapi?”

“Asubui, mwanangu. Nimesema. Mbele ya uji wa saa sita.”

“Hapana.”

Alisema bila kuinua sauti. Alikuwa anatazama mikono yake.

“Ulikula kisha ya uji. Nilikuona. Saa sita ulimimina uji mu vikombe nane, kila mutoto akakamata chake. Kimoja kikabaki. Ukakikamata, ukatazama mulango, ukatazama njia. Halafu ukaniita. Ukasema, Solange, kunywa mbio, usiambie mutu. Nikakunywa. Nilikuwa na furaha sana, Koko. Nilifikiri umenichagua. Kisha ukaenda kwa kopo ukatoa karanga moja, ukavunja, ukala, ukatupa ganda mu moto. Ukakaa.”

“Mutoto wa miaka munane,” nikasema. “Utakumbuka nini?”

“Uji siwezi kunywa mpaka leo. Siku zote nilijiambia Abi alirudi mchana, juu wewe ulisema ulimuona saa kumi. Nikasema, basi alirudi, sikukunywa uji ya mutu aliyepotea. Sasa unasema hakuna saa kumi.”

Mkono wa Kavuo ulikuwa bado juu ya wangu, lakini haukuwa umenishika tena. Ulikuwa tu mahali pale ulipowekwa.

“Saa sita,” Kavuo akasema. “Ulijua saa sita.”

Ningeweza kumwambia. Kwamba kila dakika niliyokaa ilifanya dakika iliyofuata iwe ngumu zaidi. Kwamba nilisema atarudi, yuko kwa jirani, nisipige kelele watu wakajaa. Kwamba kufikia saa nane ningehitaji kueleza saa sita, na kufikia saa tisa kueleza saa nane. Mto ulikuwa hatua mia tano. Hayo yote yalifika hadi kwenye meno yangu matatu yakasimama.

“Kikombe gani?” nikauliza.

Kavuo akainuka. Hakuwa na haraka. Akanyoosha mkono juu ya kichwa changu, akakishusha kile cha kijani kutoka msumarini, akakiweka katikati ya meza, utepe ukinielekea. Kisha akaingiza kidole ndani, kidogo tu, kama anayepima joto la uji wa mtoto, na kidole kikatoka na utando wa buibui.